Nyumba irudi kwa mwenyewe kwa sheria, si kwa kufuli: barua ya wazi kwa Jaji Mkuu, Waziri wa Ardhi na Makazi, Inspekta Jenerali wa Polisi na wabunge wa Nairobi

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha Kayole. Vyumba hivi tulivijenga na marehemu mume wangu kwa mkopo wa sako, ghorofa moja ikakaa miaka kabla ya nyingine kuanza, na leo kodi yake ndiyo riziki yangu. Nawaandikia kuhusu jambo moja tu. Mpangaji akiacha kulipa, akiharibu nyumba au akiwa kero kwa wenzake, na mazungumzo yakashindikana, mwenye nyumba anapaswa kuwa na njia halali ya kurudishiwa nyumba yake, njia anayoweza kuifuata mtu asiye na wakili wala mkubwa anayemjua. Njia hiyo ipo vitabuni. Mitaani haionekani, na nafasi yake imechukuliwa na kufuli.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya tisa katika kila kumi hapa Nairobi zinaishi nyumba za kupanga. Kwa hivyo, Waheshimiwa, siwaletei shida ya matajiri wachache wala ya walalahoi peke yao. Kuanzia Pipeline hadi Zimmerman, Kawangware hadi Dandora, kila ploti ina mtu anayedai na mtu anayedaiwa, na wote wawili hawajui sheria inasema nini siku maelewano yakivunjika.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Tarehe tano ikipita, keateka, yaani msimamizi wa ploti, anaanza kubisha milango. Tarehe kumi, stima ya chumba kimoja inakatwa na wengine wote wanabaki na mwanga, ili majirani wajue ni nani hajalipa. Halafu linakuja kufuli la landilodi juu ya kufuli la mpangaji, mtu anarudi kutoka kibarua usiku akiwa na mtoto mgongoni na hawezi kuingia. Na hilo likishindwa, mlango wenyewe unang'olewa.

Nimeliona kwa macho, kwenye ploti ya jirani, msimu wa mvua ndefu. Fundi alikuja na bisibisi na nyundo, akafungua bawaba za mlango wa chumba cha chini huku mama mwenye chumba akiwa ndani na watoto wake. Sufuria ya uji ilikuwa bado juu ya gesi. Mlango ulipotoka uliegemezwa ukutani kwenye korido, na keateka akamwambia yule mama, "Mlango ni wa landilodi, si wako." Jioni alitundika leso pale palipokuwa na mlango, akaifunga kwa misumari miwili. Upepo wa mvua ukawa unaiinua, na kila aliyepita kwenye korido akawa anawaona wanawe kitandani. Alikuwa anadaiwa, sikatai. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini kile nilichokiona hakikuwa kudai deni.

Nalisema hili kama mwenye nyumba, kwa sababu wenzangu wengi wanaamini kwamba nyumba ikiwa yao, na kodi ikiwa haijalipwa, wana haki ya kufanya watakavyo. Hawana. Katiba ya 2010 inalinda mali yangu katika kifungu cha 40, na Katiba hiyo hiyo inalinda faragha ya anayeishi humo katika kifungu cha 31 na haki yake ya makazi yanayofaa katika kifungu cha 43. Katika nyumba zinazosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, landilodi anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame anatenda kosa la jinai. Na ukimtoa mtu kwa nguvu bila amri ya mahakama, ndiye atakayekushtaki wewe. Korti inaweza kuamuru arudishwe ndani na kukutoza fidia juu yake, hata kama alikuwa na deni la miezi. Uliyekuwa unadai unageuka kuwa wa kudaiwa.

Sasa njia halali ni ipi? Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana jibu linategemea chumba kiko ghorofa gani na kodi yake ni shilingi ngapi.

Nianze na chini, kwenye maduka, kwa kuwa huko angalau mambo yako wazi. Kinyozi, duka la M-Pesa, kihoteli cha chapati na maharagwe: hawa wanalindwa na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, ya 1965. Kama hakuna mkataba wa maandishi, au upo lakini haupiti miaka mitano, upangaji huo unadhibitiwa. Nikitaka duka langu, sharti nimpe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu zinazokubalika: amekaa miezi miwili bila kulipa au anachelewesha kila mara, amevunja masharti, nataka kubomoa na kujenga upya, au nataka kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Notisi ya kuandika tu kwenye karatasi ya daftari haifai kitu. Mahakama zimezitupa nyingi za namna hiyo. Mpangaji naye ana mwezi mmoja wa kujibu kama anakubali au anakataa, na akikataa anapeleka shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaisha. Asipofanya lolote, notisi inashika. Sheria hii ina umri mkubwa na jopo lina kazi nyingi, lakini kila mmoja anajua hatua ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi.

Tukipanda ghorofani, wanakolala watu, ndipo tunapopotea. Sura ya 296 iliundwa 1959, sheria iliyo na umri mkubwa kuliko bendera yetu, na inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ndani ya mpaka huo kuna ulinzi mzuri: huwezi kumwondoa mpangaji bila amri, na amri inatolewa kwa sababu zilizotajwa, kama kodi isiyolipwa, kuharibu nyumba au kuwa kero kwa majirani, tena pale tu ambapo jopo linaona ni haki kufanya hivyo. Kuna jopo maalum lililokusudiwa kusikiliza mambo haya kwa wepesi kuliko korti. Lakini, Waheshimiwa, nionyesheni bedsita ya Kayole au Umoja ya shilingi 2,500. Hata chumba cha mabati Mukuru wengi wanakilipia zaidi ya hapo. Mpaka umebaki palepale, kodi zimekwenda mbali, na jopo lililoundwa kwa ajili ya watu wa kawaida sasa liko nje ya mkono wa karibu wote. Ndiyo sababu kinyozi wa chini ana utaratibu ulio wazi kuliko mama anayelala juu ya duka lake. Sidhani kuna mbunge aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ni kupuuza tu, mwaka baada ya mwaka.

Aliyebaki nje ya sheria hizo mbili, yaani karibu kila mpangaji wa nyumba ya kuishi, anaangukia Sheria ya Ardhi ya 2012. Pale ambapo watu wanalipana mwezi kwa mwezi bila muda maalum, upande wowote unaweza kuumaliza upangaji kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, kwa maana ya mwezi mmoja, na notisi hiyo iishe siku ambayo kodi inapaswa kulipwa. Hili ni jambo dogo ambalo linawaangusha wengi: kodi yako ni ya tarehe tano, unaandika notisi inayoisha tarehe kumi na saba, ukifika kortini wakili wa upande wa pili anaanzia hapo. Notisi ikiisha na mtu hajatoka, bado huruhusiwi kumgusa. Unakwenda kwa hakimu, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi kulingana na ukubwa wa shauri, unashtaki, unampelekea hati, unasubiri, unapata hukumu, ndipo unaomba amri ya kumtoa. Amri hiyo hutekelezwa na dalali wa mahakama mwenye leseni, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, huagizwa kusimamia usalama. Huo ndio mlango halali.

Nami nilijaribu kuupitia. Kijana mmoja aliyepanga kwangu alipoteza kazi, akawa halipi, na baadaye akawa halipi wala hazungumzi. Sina chuki naye. Miaka ya mwanzo alikuwa mpangaji mwema. Nilimpa notisi ya maandishi, akaisaini, nikabaki na nakala. Tulienda kwa chifu, tukaketi, akakubali kulipa kidogo kidogo, akalipa mara ya kwanza akanyamaza. Chifu akaniambia ukweli: yeye anaweza kuwapatanisha watu, hawezi kutoa amri ya kumhamisha mtu. Kwenye kituo kimoja cha polisi, afisa aliniambia, "Mama, hiyo ni kesi ya madai, nenda mkamalizane." Alisema sawa kisheria. Hakuniambia niende wapi, na ukutani pale hapakuwa na karatasi hata moja ya kumwelekeza mtu wa shida yangu.

Nikasikia habari za Mahakama ya Madai Madogo. Nilifurahi, kwa kuwa ni mahakama iliyoundwa kwa ajili ya watu kama mimi: sheria yake ni ya 2016, ile ya Milimani hapa jijini ilianza kazi Aprili 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe. Karani alinieleza kwa upole kwamba kodi ninayodai naweza kuidai hapo. Nyumba, hapana. Sheria inaikataza mahakama hiyo kugusa mzozo wa umiliki au ukaaji wa ardhi, na chumba changu kimo ndani ya katazo hilo.

Tafakarini maana yake. Mpangaji ni mmoja, chumba ni kimoja, deni ni moja, ushahidi ni daftari moja na jumbe zilezile za M-Pesa. Pesa nazidai mahakama hii na zinaamuliwa kwa siku 60. Chumba nakidai mahakama nyingine, na huko hakuna siku zilizowekwa. Kwa hivyo naweza kushinda kesi ya deni leo, na kesho deni jipya linaanza kukua kwa kuwa mtu bado yumo ndani na hukumu niliyo nayo haimtoi. Sako haingoji. Maji ya kaunti hayangoji. Ninapowaona wenzangu wakinunua kufuli siwaungi mkono, lakini najua walichokosa.

Wapo wanaosema mwenye nyumba anaweza kumleta dalali akachukua televisheni na makochi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukamataji Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inaruhusu vitu vya mpangaji kukamatwa kwa ajili ya kodi, kupitia dalali mwenye leseni, na kwa upangaji unaodhibitiwa lazima jopo litoe ruhusa kwanza. Lakini hiyo ni njia ya kupata pesa. Haimtoi mtu nyumbani. Na keateka anayebeba televisheni ya mpangaji kuipeleka kwa landilodi hafuati sheria hiyo wala nyingine yoyote.

Kwa mpangaji nako kuna hasara ambayo haisemwi. Mwenye nyumba akijua kwamba njia ya sheria haina mwisho, anaanza ukali mapema. Anadai dipositi ya miezi miwili. Anakataa mtu mwenye watoto wengi. Anafunga mlango kwa kuchelewa kwa wiki moja, akiogopa kwamba wiki itakuwa mwaka. Nikiwa na uhakika kwamba shauri langu litasikilizwa kwa siku zinazojulikana, naweza kumvumilia aliyepoteza kazi, kwa kuwa najua uvumilivu wangu una mwisho unaoonekana.

Bunge lilikuwa na nafasi. Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha Sura ya 293, ya 296 na ya 301 ziwe sheria moja. Haukufika kuwa sheria. Wabunge wetu wa Nairobi, hili ni lenu kuliko la mwingine yeyote. Wapiga kura wenu wako kwenye vyumba hivi. Urudisheni mezani. Kama mtaogopa ukubwa wake, anzeni na mambo mawili madogo. Futeni mpaka wa shilingi 2,500, muweke kiwango kinacholingana na kodi za leo na kinachoweza kurekebishwa bila kungoja sheria mpya. Na muirekebishe Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ili upangaji wa mwezi kwa mwezi, ambapo hakuna anayebisha nyumba ni ya nani, uweze kuamuliwa wote hapo: deni na chumba, kwa pamoja, katika siku zilezile 60. Mzozo wa hatimiliki ubaki kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mimi sibishanii hati na mpangaji wangu, naye habishi na mimi.

Katika mabadiliko hayo msimsahau mpangaji. Hakimu awe na uwezo wa kumpa muda wa kulipa kwa awamu kabla ya kumtoa, na amri ya kumtoa ishike pale tu atakapovunja mpango huo. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2021 juu ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilionyesha kwamba haki ya makazi si pambo la Katiba. Na marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 tayari yanasema namna ya kumwondoa mtu anayekaa kwenye ardhi isivyo halali: wanaomwondoa wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, waheshimu utu wake, wawalinde watoto, wazee na wenye ulemavu, na mali iliyoachwa nyuma isipotee. Ikiwa aliyevamia ardhi anapewa heshima hiyo, mpangaji aliyeingia kwa mkono wangu, akanilipa miaka kisha akakwama, hastahili chini ya hapo. Yaandikeni maneno hayo kwenye kila amri ya kumtoa mpangaji.

Lipo pia suala la vyumba vilivyoachwa, nalo linatusumbua kuliko mnavyodhani. Mpangaji anafunga mlango, anazima simu, anapotea. Godoro na vyombo vimebaki ndani. Nikivunja, kesho anaweza kurudi aseme palikuwa na laptopu na pesa taslimu. Nisipovunja, chumba kimekufa. Tuwekeeni utaratibu mfupi: notisi ibandikwe mlangoni na nakala ipelekwe kwa chifu, siku kadhaa zipite, kisha hakimu atoe ruhusa kwa ombi la ukurasa mmoja, mlango ufunguliwe mbele ya mashahidi, kila kitu kiandikwe na kupigwa picha, na mali itunzwe kwa muda uliotajwa. Hilo linamlinda yeye na linanilinda mimi.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, mengine hayahitaji Bunge. Fomu ya notisi kwa nyumba za kuishi, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya tarehe ya kodi, sababu, na sentensi inayomwambia mpangaji haki zake na mahali pa kujibu, inaweza kutayarishwa na Idara ya Mahakama na kuwekwa kwenye kila Huduma Centre na kila ofisi ya chifu. Mwenye nyumba aijaze, mpangaji aielewe, hakimu asipoteze asubuhi nzima akibishana na mawakili kuhusu karatasi ya daftari. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Wawekeni siku moja ya wiki pale kwenye ofisi za chifu za mitaa yenye wapangaji wengi, wawasikilize wote wawili kabla hasira haijapanda.

Inspekta Jenerali, nawe nakuomba jambo jepesi. Toa maagizo kwa vituo vyote vya Nairobi kwamba kumfungia mpangaji, kumkatia stima au maji ili atoke, na kung'oa mlango au mabati ni mambo ya kuchukuliwa hatua, si ya kumwambia mtu akamalizane nyumbani. Maafisa wasionekane wamesimama kando ya fundi mwenye nyundo kama hakuna amri ya mahakama mkononi mwa dalali. Na amri ikiwepo, yenye muhuri, basi OCS atoe askari bila kumzungusha mwenye nyumba siku hadi siku na bila kutaka kitu cha mkono.

Mheshimiwa Waziri, wizara yako inajenga nyumba za bei nafuu na ninaziona zikipanda. Watakaohamia humo ni wachache ukilinganisha na walio kwenye ploti kama yangu, na kwa miaka mingi ijayo ni sisi wenye ploti ndogo tutakaoendelea kuwahifadhi wakazi wa jiji hili. Ita kikao cha wapangaji, wenye nyumba, maajenti, machifu na majopo yote mawili, hapa Eastlands na si hotelini, upeleke rasimu Bungeni kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha.

Naomba kila mmoja wenu ajibu hadharani: ni lini mpaka wa shilingi 2,500 utaondolewa, na ni lini mwenye chumba kimoja ataweza kudai kodi na chumba chake katika mahakama moja.

Wenu,
Mwenye ploti, Kayole, Nairobi